Sukari Imeshuka, Insulini Haipo

Kuna jibu moja la maabara ambalo nimeliona likipokelewa kwa furaha lisiyostahili kupewa. Mgonjwa sukari imemshuka hadi milimoli 1.9 kwa lita, hana kisukari, hatumii dawa yoyote. Damu inachukuliwa, insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, inapimwa, na majibu yanarudi kwamba insulini iko chini mno, mashine haiwezi hata kuisoma. "Afadhali," anasema mtu, "kongosho lake ni zima." Mgonjwa anashauriwa ale kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, anapewa ruhusa, anakwenda zake.

Kongosho kweli ni zima. Hapo ndipo wasiwasi ulipaswa kuanza.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Hali ninayoizungumzia ni adimu. Wapo wenzangu watakaostaafu bila kukutana nayo, au, ninavyoshuku, watakutana nayo wasiitambue. Ni sukari kushuka kwa sababu ya uvimbe ambao haumo kwenye kongosho kabisa. Uvimbe uko kifuani, au kwenye ini, au nyuma ya tumbo karibu na figo, mahali ambapo hakuna anayetarajia patoke kitu cha kugusa sukari. Ninaiandikia kwa sababu njia ya kuigundua haihitaji ubingwa wowote. Inahitaji mtu asome karatasi ya majibu mpaka mwisho.

Tuanze na hesabu ndogo. Damu yote ya mtu mzima hubeba takriban gramu 5 tu za glukosi kwa wakati mmoja, kiasi cha kijiko cha chai. Ubongo peke yake hutumia kama gramu 120 kwa siku. Kwa hiyo ini halina likizo. Kati ya mlo na mlo, na usiku kucha, linamwaga glukosi kutoka kwenye akiba yake ya glaikojeni, na akiba ikipungua linatengeneza nyingine. Sukari ikianza kuteremka, jambo la kwanza mwili unalofanya ni kuzima insulini. Inafuata glukagoni, homoni inayoliagiza ini limwage sukari, inafuata adrenalini, na baadaye kotisoli na homoni ya ukuaji. Jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio ni adrenalini hiyo ikipiga kelele. Kelele zisiposikika, ubongo unaanza kuishiwa: mtu anaona vitu viwili viwili, anaongea maneno yasiyoeleweka, anakuwa mkali bila sababu, anapata degedege, anapoteza fahamu.

Basi ukikuta sukari 1.9 na insulini karibu sifuri, umekuta mwili unaofanya unachotakiwa kufanya. Swali linabaki palepale: kama insulini imeshazimwa, ni nani anayeivuta sukari chini?

Majibu ya kawaida ni mengi na ni lazima yapite kwanza. Ini lililoharibika halina cha kumwaga. Tezi za juu ya figo zikifa, kotisoli inakosekana. Maambukizi makali kwenye damu, njaa ya muda mrefu, pombe bila chakula, figo zilizochoka, malaria kali na dawa ya kwinini, vyote hushusha sukari. Na usisahau dawa za kisukari zilizomezwa kwa bahati mbaya, au insulini ya mtu mwingine wa nyumba hiyohiyo. Hapo kuna mtego: vipo vipimo vya maabara visivyoitambua insulini ya kisasa iliyotengenezwa viwandani, kwa hiyo insulini inaweza kusomeka sifuri ilhali mtu amechomwa sindano yake. Ulizeni, tena ulizeni kwa upole, maana swali hilo husikika kama tuhuma.

Lakini kuna kipimo kimoja cha bei ndogo kinachopanga majibu hayo yote katika mafungu mawili, nacho ni ketoni. Insulini ikiwa haipo kweli, mafuta ya mwili yanafunguliwa na ini linayageuza kuwa ketoni, chakula cha akiba cha ubongo. Mtu mwenye njaa ana ketoni. Mlevi aliyelala bila kula ana ketoni. Mtu ambaye tezi zake za juu ya figo zimekufa, kwa kawaida naye anazo. Ukikuta sukari iko chini, insulini haipo, na ketoni nazo hazipo, maana yake mafuta yamefungwa. Kufunga mafuta ni kazi ya insulini. Kuna kitu kinafanya kazi ya insulini na si insulini.

Kuna njia ya pili ya kumnasa mwigaji huyo. Mchome mgonjwa glukagoni miligramu 1 kwenye mshipa, kisha pima sukari kwa nusu saa. Ikipanda kwa milimoli 1.4 kwa lita au zaidi, ini lilikuwa na akiba muda wote, ila lilikuwa limekatazwa kuitoa. Ini la mwenye njaa lisingekuwa na cha kutoa.

Madaktari walianza kuuona ugonjwa huu mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na haikuchukua muda watu wakaanza kujiuliza kama mwili wenyewe unaweza kuizidisha. Mwaka 1927 Russell Wilder na wenzake wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za mgonjwa, naye mwenyewe alikuwa daktari wa upasuaji, aliyekuwa na saratani ya kongosho inayotoa insulini. Mwaka 1929 Roscoe Graham wa Toronto alitoa uvimbe wa aina hiyo na mgonjwa akapona. Hadithi ikakaa vizuri: sukari ikishuka yenyewe, tafuta kongosho.

Ila mwaka huohuo wa 1929, Nadler na Wolfer waliandika kuhusu mgonjwa wa saratani ya ini ambaye sukari yake ilikuwa inaporomoka. Mwaka uliofuata, Karl Walter Doege na Roy Pilling Potter, kila mmoja kwa maandishi yake, wakaeleza uvimbe mkubwa wa kifuani ulioambatana na jambo lilelile. Hadi leo uvimbe wa nyuzi unaotoka kwenye utando wa mapafu na kushusha sukari unaitwa kwa majina yao wawili. Kongosho halikuhusika popote.

Kwa miongo mingi maelezo yaliyopendwa yalikuwa kwamba uvimbe unakula sukari. Ni maelezo yanayoingia akilini haraka: uvimbe ni mkubwa, una njaa, basi unammaliza mwenyeji wake. Na si uongo mtupu, uvimbe mkubwa hutumia glukosi nyingi. Lakini hayaelezi ketoni. Mlafi angemaliza sukari, mwili ungefungua mafuta, ketoni zingejaa. Hazikujaa. Maelezo ya ulafi yaliishi muda mrefu kuliko yalivyostahili, nadhani kwa sababu yanasimulika vizuri.

Mwaka 1988 William Daughaday na wenzake walionyesha uvimbe wa misuli laini uliokuwa ukitengeneza na kutoa protini inayofanana na insulini. Protini hiyo inaitwa IGF-2, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu hii ndiyo sehemu ninayoipenda.

IGF-2 tunayo sote. Ina kazi kubwa mtoto akiwa tumboni, na kwa mtu mzima ini linaendelea kuitoa. Ukihesabu molekuli, IGF za aina mbili zilizomo kwenye damu, IGF-1 na IGF-2, ni nyingi kuliko insulini kwa takriban mara 1000. Zingekuwa huru zote kwa pamoja, tusingeamka asubuhi. Haziko huru. IGF-2 hukamatwa na protini ya kuibeba, kisha protini ya tatu inakuja kuwafunga wote wawili pamoja, na kifurushi hicho ni kikubwa mno kupenya ukuta wa mshipa. Ni ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi: anakula, anapumua, lakini shamba la jirani halifikii.

Uvimbe unaharibu kamba. Kwa kawaida IGF-2 hutengenezwa ikiwa ndefu, halafu mkia wake unakatwa ndipo inatolewa ikiwa na asidi amino 67. Seli za uvimbe zinaitoa kwa wingi na mkia hazikati. Inayotoka ni IGF-2 kubwa, yenye uzito unaofika mara mbili ya ile ya kawaida au zaidi. Mkia huo unaizuia protini ya tatu kufunga sawasawa, hivyo IGF-2 inabaki kwenye vifurushi vidogo vinavyopenya ukuta wa mshipa na kuingia kwenye nyama za mwili. Huko inagonga vipokezi vya insulini. Misuli inaanza kunyonya sukari, ini linaacha kumwaga, mafuta yanafungwa.

Kisha mambo yanazidi kuwa mabaya kwa ujanja wa ajabu. IGF hiyo iliyozidi inaiambia tezi ya pituitari kwamba homoni ya ukuaji haihitajiki, nayo inashuka. Homoni ya ukuaji ndiyo inayoliagiza ini litengeneze IGF-1, protini ya kubeba, na ile protini ya tatu ya kufunga. Vyote vinapungua. Uvimbe unafungua mzigo wake na papo hapo unaviza kiwanda cha kamba.

Ndiyo maana kupima IGF-2 peke yake kunaweza kukudanganya: jumla yake inaweza kurudi ikiwa ya kawaida kabisa. Kinachosema kweli ni uwiano. Kwa mtu mzima mwenye afya IGF-2 ni kama mara 3 ya IGF-1. Uwiano ukipita 10, huo ni ushahidi mzito. Maabara nyingi hazipimi hata IGF-2, na hapo IGF-1 iliyozama chini sana, pamoja na insulini na ketoni zisizoonekana, inatosha kumfanya daktari aagize picha ya kifua na tumbo leo badala ya mwezi ujao.

Namkumbuka mzee mmoja aliyeletwa na binti yake. Alikuwa ameshaonwa kwingine na kuelezwa kwamba ni uzee wa akili, na baadaye kwamba ni kifafa. Binti aliweka daftari la shule mezani. Alikuwa ameandika saa za kila tukio kwa kalamu nyekundu, na yote yaliangukia kabla ya mapambazuko au baada ya mlo uliochelewa. "Daktari," alisema, "mchana huyu ni baba yangu. Alfajiri simjui." Baba alikuwa akiamka amelowa jasho, anahangaika na mlango ambao si wa kutokea, anamfokea anayemshika mkono. Akinyweshwa maji ya sukari anatulia, anauliza kwa nini watu wote wako macho.

Daftari lile lilikuwa karibu utambuzi kamili. Allen Whipple, daktari wa upasuaji wa New York, aliweka masharti matatu katika miaka ya 1930 ambayo tunayafuata mpaka sasa: dalili za sukari kushuka, sukari iliyopimwa ikakutwa chini wakati wa dalili, na dalili kuondoka sukari ikipandishwa. Binti hakuwahi kusikia jina la Whipple, na alikuwa na masharti mawili kati ya matatu kwa mwandiko wake. Kilichokosekana ni namba tu.

Mzee mwenyewe hakuwa amekonda. Alikuwa ameongezeka uzito, maana mwili ulikuwa umejifunza kula ili ukae macho. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba na kucha zimepinda kuelekea chini, jambo ambalo uvimbe wa utando wa mapafu hupenda kulifanya. Nilipomgonga mgongoni, upande wa kulia chini mlio ulikuwa mzito. "Hapo pana nini, daktari?" aliuliza. Nikamwambia, "Mzee wangu, ndicho tunachokwenda kukitafuta." Hakuwa akikohoa, hakuwa na maumivu. Uvimbe wa nyuzi unaweza kukaa miaka kifuani ukilisogeza pafu polepole bila kumsumbua mtu, na wengi wanaopata tatizo la sukari huwa nao umeshapita sentimita 10.

Usiku ule sukari ilishuka akiwa wodini, na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo kesi nyingi hufia. Mgonjwa amezimia, kila mtu anataka kumpa glukosi, na wako sahihi. Lakini mkishampa bila kuchukua damu, ushahidi umeondoka na mtasubiri azimie tena. Haihitaji kumcheleweshea mtu tiba. Muuguzi anapofungua mshipa kwa ajili ya dripu, damu inavutwa kwenye sindano ileile, chupa zinajazwa, ndipo glukosi inaingia. Ni chini ya dakika moja kama chupa zimeandaliwa kitandani tangu jioni. Muuguzi wa zamu ile alikuwa amezibandika kwenye chati kwa plasta, zimeshaandikwa jina.

Na damu yenyewe ina haraka yake. Ikikaa kwenye chupa ya kawaida, seli zinaendelea kula glukosi, sukari inapungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, kwa hiyo inatakiwa chupa yenye floraidi. Seli nyekundu zikipasuka, vimeng'enya vyake vinaivunja insulini, nayo inasomeka chini kuliko ilivyo. Kwenye ugonjwa ambao insulini kuwa chini ndiyo hoja nzima, damu iliyopasuka ni sawa na kutopima. Yetu ilifika salama: sukari 2.1, insulini haisomeki, C-peptaidi (kipande kinachotoka pamoja na insulini ya kongosho) chini, ketoni chini. Potasiamu nayo ilikuwa imeshuka, maana mwigaji wa insulini huigiza hata hilo: anaisukuma potasiamu ndani ya seli.

Skani ilionyesha kilichokuwa pale. Kipande kidogo kilichochukuliwa kwa sindano kilithibitisha uvimbe wa nyuzi. Siku hizi mtaalamu wa vinasaba vya uvimbe ana msaada mkubwa: mwaka 2013 iligunduliwa kwamba karibu uvimbe wote wa aina hii una jeni mbili za kromosomu ya 12, NAB2 na STAT6, zilizoungana kimakosa. NAB2 kwa kawaida ni breki. Ikiunganishwa na STAT6 inageuka kuwa pedali ya mafuta, na miongoni mwa jeni zinazowashwa ni ile ya IGF-2 yenyewe. Kwa hiyo kushuka kwa sukari kunatokana na kosa lilelile lililouzaa uvimbe. Hata hivyo ni wachache tu wenye uvimbe huu, chini ya asilimia 5 kwa makadirio yanayotajwa sana, wanaofikia hatua ya sukari kuporomoka.

Kati ya utambuzi na upasuaji kuna usiku mwingi wa kuvuka. Dripu ya glukosi kali inaunguza mishipa midogo, hivyo mara nyingi lazima iingie kwenye mshipa mkubwa. Prednisoloni, kwa kawaida kati ya miligramu 30 na 60 kwa siku, ndiyo dawa ninayoiamini zaidi, kwa sababu haipandishi sukari tu; inapunguza hiyo IGF-2 kubwa yenyewe na kusaidia vifurushi kufungwa upya. Homoni ya ukuaji nayo inarudisha kamba, ila kumpa mwenye uvimbe homoni ya ukuaji ni uamuzi wa kufikiria mara mbili. Diazoksaidi na oktreotaidi, dawa za uvimbe wa kongosho, hazina kazi kubwa hapa. Diazoksaidi huzuia insulini isitoke, na insulini haikuwa inatoka. Oktreotaidi inaweza hata kudhuru kwa kuizima glukagoni. Nimeona zikiandikwa kwa mazoea, kwa kuwa karatasi ilisema "sukari imeshuka" na mkono ukakimbilia dawa inayojulikana.

Mzee alifanyiwa upasuaji, uvimbe ukatoka mzima pamoja na kipande cha utando ulikochipukia. Kazi ya timu usiku ule ikageuka: badala ya kupandisha sukari tukawa tunapunguza dripu, maana ilipanda ndani ya saa chache. Hiyo ni kawaida mwigaji akiondolewa. Uvimbe huu unaweza kurudi, wakati mwingine baada ya zaidi ya miaka 10, na hata uliokuwa mpole unaweza kurudi ukiwa mkali. Kwa hiyo kifua kinapigwa picha kila baada ya muda, na glukomita, kile kipima sukari cha mkononi, haiondolewi nyumbani.

Ila wengi wenye tatizo hili hawana bahati ya uvimbe unaotoka mzima. Wapo wengi wenye saratani ya ini. Mwaka 1969 McFadzean na Yeung wa Hong Kong waliwagawa wagonjwa wao katika makundi mawili, na mgawo huo bado una maana wodini. Kundi la kwanza sukari inashuka mwishoni, saratani imekua kwa kasi, mgonjwa amekonda na ini lenyewe limeliwa. Hapo kiasi kidogo cha glukosi kinatosha. Kundi la pili sukari inaporomoka mapema, mtu akiwa bado na nguvu zake, na inahitaji glukosi nyingi kupita kiasi. Hilo la pili ndilo la IGF-2 kubwa. Upasuaji ukishindikana, yapo mengine: kuziba mishipa inayolisha uvimbe, mionzi, prednisoloni, chakula cha usiku kupitia mrija.

Mgonjwa wa namna hiyo akianza kuchanganyikiwa, wengi wetu husema ini limeshindwa kusafisha damu, sumu zimefika kwenye ubongo, na tunaanza kumharisha kwa dawa. Mara nyingi ni kweli. Lakini kumchoma kidole na kupima sukari kunachukua sekunde chache, na kunapaswa kufanyika kabla ya dawa hiyo kuandikwa, hasa kama kuchanganyikiwa kunakuja alfajiri na kuondoka baada ya kula.